UZI: Nimelipa 6,500 nisafishiwe jina CRB. Wana Mombasa, tuambiane kabla mwengine hajatuma pesa

MamaDera_Tudor | Jumapili, saa 3:20 usiku

Asalaam aleikum, na habari za usiku kwenu nyote. Naandika uchungu ukiwa bado mbichi, kwa sababu najua nikingoja ipoe nitanyamaza kabisa.

Mimi nashona na kuuza madera, nna kibanda karibu na Marikiti. Nilitaka mkopo wa sacco ninunue mashine ya ovaloki, maana kazi za Idi hunizidi nikaishia kumpelekea fundi mwengine na faida kubaki kwake. Karani wa sacco akaangalia, akaniambia, "Mama, jina lako liko CRB," yaani kwenye ofisi za kumbukumbu za mikopo. Nikakumbuka. Mamangu alipolazwa niliwahi kukopa kwa simu, kisha laini ile ikapotea na deni nikalisahau pamoja nayo.

Usiku ule ule nikiwa kitandani, tangazo likanijia kwenye simu: tunasafisha jina lako CRB ndani ya saa 48. Ukurasa una picha za ofisi na watu wanaoshukuru. Nikaandika. Akanijibu kijana mwenye adabu, kila neno "mamangu". Ada 4,500, nikatuma. Kesho yake akasema mfumo umekataa, kuna ada ya kufungua faili, 2,000. Nikatuma. Kisha akataka picha ya kitambulisho mbele na nyuma, na taarifa yangu ya M-Pesa ya miezi sita. Hivyo pia nikatuma. Siku ya tatu akaja na 3,200 ya cheti, hapo ndipo binti yangu aliponichukua simu mkononi. Namba ile sasa haipokei.

6,500 kwangu ni faida ya wiki mbili, na wiki hizo ziwe nzuri.

Nauliza mambo mawili. Kitambulisho kiko kwa watu nisiowajua, nifanyeje? La pili, binti yangu asema huduma zote za pesa za mtandaoni ni wizi. Mimi siamini kuwa ni zote. Sasa mtu atajuaje ipi ya kulipia na ipi ya kukimbia?

---

Tuktuk_Bombolulu | Jumapili, saa 3:41 usiku

Pole sana mama. Kabla hujalala tuma namba yake kwa 333, ya kuripoti matapeli, ni bure. Badilisha PIN ya M-Pesa. Halafu piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Na tafadhali, atakayekuandikia faraghani akikwambia anaweza kukurudishia pesa yako kwa ada kidogo, usimjibu. Watakuja. Wanazunguka nyuzi kama hizi wakitafuta watu walioumia jana.

---

Karani_Mstaafu | Jumapili, saa 4:05 usiku

Waaleikum salaam, mwanangu. Nimekaa dawati la mikopo miaka mingi hadi nikastaafu, na jambo hili limenikera tangu nikiwa kazini. Niruhusu nieleze polepole.

Kenya ina ofisi tatu za kumbukumbu za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu: Metropol, TransUnion na Creditinfo. Hizi hazikukopeshi wala hazikushtaki. Zinaandika kile ambacho mkopeshaji ameleta. Kwa hiyo kuwa CRB peke yake si laana. Aliyelipa vizuri yumo, aliyechelewa yumo. Karani anaposema "uko CRB" anamaanisha una deni lililoandikwa kuwa halijalipwa.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Hakuna mtu wa nje mwenye ufunguo wa kufuta rekodi hiyo. Kama deni ni la kweli, unamlipa mkopeshaji mwenyewe, unadai barua ya kwamba umemaliza, na yeye ndiye anayepeleka taarifa mpya. Kama si lako, au kiasi kimekosewa, unalalamika kwa ile ofisi ya kumbukumbu na inalazimika kumuuliza mkopeshaji. Malalamiko hayo huyalipii. Hata ripoti yako yenyewe, sheria inakupa nakala moja bure kila mwaka. Cheti cha kuthibitisha huna deni ni kitu kingine, kile chaweza kuwa na ada, lakini unailipa ofisi yenyewe moja kwa moja.

Kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi, na muuzaji anapita kwenye upenyo huo huo. Deni ulilochelewesha halipotei siku unayolilipa. Laweza kubaki kwenye rekodi hadi miaka mitano baada ya kulimaliza, ila litasomeka kuwa limelipwa. Mtu hulipa, anaangalia, anakuta jina bado lipo, anaingiwa na hofu. Hapo ndipo anapokutana na tangazo la saa 48. Jina lililoandikwa "amelipa" linakopeshwa, mwanangu. Mimi nimewakopesha watu kama hao.

---

MamaDera_Tudor | Jumapili, saa 4:19 usiku

Shikamoo baba. Nimesoma mara mbili. Kumbe ripoti ni bure! Kijana alinitoza 4,500 kwa kitu ambacho hata hakuwa na uwezo wa kukigusa.

Ila mkopo ule programu yake sinayo tena, na jina lake silikumbuki. Nitamlipa nani?

---

Karani_Mstaafu | Jumapili, saa 4:30 usiku

Marahaba. Ripoti itakuonyesha jina la mkopeshaji na kiasi. Ukishalipata, fungua tovuti ya Benki Kuu uangalie orodha ya wakopeshaji wa kidijitali wenye leseni. Sheria ilibadilishwa mwishoni mwa 2021, kanuni zikatoka 2022, na tangu hapo anayekopesha kwa simu anatakiwa awe na leseni. Kanuni hizo pia zinamkataza kuchukua majina yaliyomo kwenye simu yako akawapigie jamaa zako eti hujalipa. Akikufanyia hivyo, usilipe kwa aibu. Peleka malalamiko Benki Kuu, na kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Lipa kwa njia iliyo kwenye tovuti rasmi ya mkopeshaji. Usifuate nambari uliyotumiwa kwa meseji.

---

Baharia_Likoni | Jumatatu, saa 12:10 asubuhi

Nasoma nikiwa kwenye feri. Pole mama. Wacha niongeze yangu kwa sababu ni mto ule ule, mdomo tofauti.

Tunafanya kazi bandarini, zamu ya usiku, na zamu ya usiku mtu hukaa na simu muda mrefu. Mwenzetu mmoja aliingizwa kwenye kundi la VIP la kufanya biashara ya fedha za kigeni. 3,000 kila mwezi, unatumiwa "signali": nunua hapa, uza pale. Alikaa miezi saba. Piga hesabu, 21,000 za ada kabla hujahesabu alichopoteza kwenye biashara yenyewe, na alipoteza zaidi ya hizo.

Mimi nilikaa naye tukafuatilia yule mwalimu anapata wapi. Anapata kwa ada ya kundi. Pia analipwa na dalali wa nje kwa kila mteja anayemsajili kupitia kiungo chake. Kwa hiyo ukipata yeye amepata, ukipoteza yeye amepata. Basi ana haja gani ya signali yake kuwa ya kweli? Na zile picha za faida anazobandika kila asubuhi, akaunti ya mazoezi yenye pesa za bandia hutoa picha kama hizo hizo.

Kenya biashara hii ina sheria. Tangu 2017 kuna kanuni, na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, ndiyo inayotoa leseni kwa madalali wa mtandaoni. Orodha iko kwenye tovuti yao. Hata mtu anayekutoza ili akushauri mahali pa kuwekeza, kazi hiyo ina leseni yake. Tulitafuta jina la mwalimu yule, tukatafuta na la dalali. Hayakuwepo yote mawili.

Ndugu yetu ana familia Mtongwe. Mpaka leo mkewe hajui ni kiasi gani, na hilo ndilo linaloniuma.

---

Ukhty_Kisauni | Jumatatu, saa 2:35 asubuhi

Mimi nataka kuzungumza na sisi Waislamu, maana huku kwetu wametujulia. Wakitaja neno halali tunalegea.

Kwenye kundi letu la darsa alikuja mtu na "mpango wa uwekezaji halali". Unalipa 2,500 ya kujiunga, unaweka mtaji, unahakikishiwa asilimia 10 kila mwezi, bila riba. Kina mama walikuwa tayari kuvunja mchezo wao wa kupokezana pesa wakaweke huko. Nikasimama nikasema: jamani, tulisoma nini? Kwenye mudharaba, ushirika wa mmoja kutoa mtaji na mwengine kuufanyia kazi, mnakubaliana uwiano wa kugawana faida itakayopatikana. Hasara ikitokea bila uzembe wa msimamizi, inaangukia mwenye mtaji. Mtu anayekuhakikishia kiasi maalumu juu ya mtaji wako kila mwezi, faida iwepo isiwepo, amekupa riba na kuifunika buibui.

Nikamuuliza bodi yake ya sharia ni kina nani, na leseni yake ni ya nani. Alisema nina shaka nyingi na shaka inaondoa baraka. Akatoka kwenye kundi jioni ile.

Benki za Kiislamu zipo hapa mjini tangu 2008, zina ofisi, zina maulama wanaotajwa kwa majina. Anayetaka halali ana mlango wa kuingilia na meza ya kukaa akauliza.

---

MwalimuZ_Mikindani | Jumatatu, saa 7:50 mchana

Poleni wote, lakini naomba tusifunge mlango mzima. Mimi nililipa na sijuti.

Mwaka jana nililipa 1,500 kwa masomo ya wiki sita ya kupanga matumizi, kwa simu, kila Jumatano usiku. Nilikuwa na mshahara na nikifika tarehe 15 nakopa. Nilijifunza kuandika, nilijifunza kumwambia ndugu "mwezi huu sina" bila kugombana naye, na leo nna akiba ya miezi miwili. Mnisikie vizuri: mwalimu alikuwa anajulikana anapofanya kazi. Alinipa risiti. Hakutaka kuona salio langu, hakunishikia pesa, wala hakuniahidi utajiri. Alisema wazi tangu mwanzo kuwa atafundisha wiki sita na basi, na alimaliza wiki sita.

Tunalipa fundi, tunalipa daktari. Kwa nini elimu ya pesa iwe bure lazima?

---

Karani_Mstaafu | Jumatatu, saa 8:15 mchana

Mwalimu, sipingi. Umenunua mafunzo na umepewa mafunzo. Ninalolikataa ni watu kulipia elimu kwa mgeni huku wana sacco inayowaita kila mwaka kwenye semina za wanachama na hawaendi. Ada yako ya sacco imeshailipia hiyo semina. Nenda ukae mbele.

---

MwalimuZ_Mikindani | Jumatatu, saa 8:22 mchana

Baba, semina ya sacco yetu ni asubuhi ya siku ya kazi. Mimi niko darasani na watoto 60. Nililipia saa ya usiku.

---

Karani_Mstaafu | Jumatatu, saa 8:31 mchana

Hapo umenishinda kwa haki. Sikuwa nimelifikiria.

---

Kijana_Bamburi | Jumatatu, saa 1:05 usiku

Yangu haikuwa ya wezi, ilikuwa programu halisi ya kupanga bajeti, ya nje, bei kwa dola. Siku saba za bure, ukitaka kuanza unaweka kadi. Nikaijaribu siku mbili, nikaona hainifai, nikaifuta kwenye simu. Siku ya nane dola 60 zikaondoka, mwaka mzima kwa mkupuo.

Wengi hawajui hili: kufuta programu kwenye simu hakukati malipo. Lazima uingie kwenye akaunti ya duka la programu, sehemu ya usajili, ukate pale. Siku hizi nikijaribu kitu chochote, nakata usajili dakika ile ile ninayojiunga. Mara nyingi siku za bure zinaendelea hadi ziishe, na kadi haiguswi.

Pia mkumbuke bei ya dola haikai. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, miezi michache baadaye ikawa karibu 130. Huduma ni ile ile, ila kwa shilingi hujui mwakani utalipa ngapi.

Zile za hapa nyumbani nazo, soma zinachoomba. Nyingine inaomba kusoma meseji zako zote ili ihesabu matumizi ya M-Pesa. Kwenye meseji hizo kuna salio lako na nambari za siri za benki za kutumika mara moja. Jiulize kama unaweza kumpa mtu baki simu yako asome meseji zote, kisha ulipe juu yake.

---

Ukhty_Kisauni | Jumatatu, saa 1:40 usiku

Kwa wanaotaka kujua pesa zinakwenda wapi: *334# inakupa taarifa ya M-Pesa kwa barua pepe. Chukua ya miezi mitatu, kaa na daftari na kalamu za rangi. Chakula rangi moja, nauli nyingine, bando, kutuma kwa jamaa, ada za kutuma na kutoa, madeni. Nilifanya hivyo na mume wangu siku moja baada ya isha, tulimaliza saa mbili. Hatukulipa programu yoyote, na taarifa haikutoka nyumbani.

---

Baharia_Likoni | Jumatatu, saa 3:00 usiku

Swali kwa Mzee Karani. Kaka yangu yuko Qatar, amepata mtu anayemwambia ampe 5,000 amfungulie akaunti ya kununua hati za serikali, zile za kuikopesha serikali. Ni sawa?

---

Karani_Mstaafu | Jumatatu, saa 3:12 usiku

Mwambie asitume. Akaunti hiyo inaitwa DhowCSD, ni ya Benki Kuu, ilianza 2023, na kuifungua ni bure kwa simu au kompyuta. Anahitaji kitambulisho, PIN ya mamlaka ya kodi, KRA, na akaunti ya benki. Hati za muda mfupi ni za siku 91, 182 na 364, na kiwango cha chini ni shilingi 50,000. Akikwama, wewe nenda tawi la Benki Kuu hapa Mombasa ukamuulizie.

Na akitaka mfuko wa fedha, ule wa watu kuwekeza pamoja, wa kampuni yenye leseni ya CMA, ajue ada yao inakatwa ndani ya mfuko. Meneja halali hakuombi utume "ada ya usajili" kwa nambari ya mtu binafsi. Hata ikiwa ni Paybill isimtulize moyo. Paybill inaonyesha biashara ina nambari ya kupokea pesa. Haimaanishi ina leseni ya kusimamia pesa za watu. Ni vitu viwili, na mara nyingi nimeona mtu akichukua cha kwanza kuwa ushahidi wa cha pili.

---

Tuktuk_Bombolulu | Jumanne, saa 1:15 asubuhi

Mama, walikuandikia faragha?

---

MamaDera_Tudor | Jumanne, saa 1:40 asubuhi

Wawili. Mmoja alisema ni afisa wa makosa ya mtandao, anataka 1,800 afuatilie laini. Nimewazuia wote. Ahsante kwa kunitangulia, kwa sababu yule afisa aliandika vizuri sana na mkono wangu ulitikisika.

---

MamaDera_Tudor | Jumatano ya wiki iliyofuata, saa 2:55 usiku

Narudi na habari kama nilivyoahidi moyoni.

*106# ilinionyesha laini nne. Tatu nazijua. Ya nne si yangu wala ya mwanangu yeyote. Nimekwenda duka la mtandao na kitambulisho, wameiondoa. Nimekwenda pia kituo cha polisi, nikaandikisha, nna namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Askari aliyeniandikia aliniambia niitunze, kwa sababu kukitokea mkopo mpya kwa jina langu hiyo ndiyo itakayonisemea.

Ripoti ya CRB nimepata, bila kulipa. Kuna madeni mawili. La kwanza ndilo lile la wakati wa ugonjwa wa mama, pamoja na nyongeza limefika 3,870. Mkopeshaji yumo kwenye orodha ya Benki Kuu. Nimelipa kwa nambari ya kwenye tovuti yao na barua imekuja kwa barua pepe siku ya pili. Baba Karani, tazama: deni lenyewe lilikuwa zaidi kidogo ya nusu ya nilichompa yule kijana. Ningeanza kwako, leo ovaloki ningekuwa nimeshaiwekea amana.

La pili ni 1,600 kwa mkopeshaji ambaye sijawahi hata kumsikia. Nimelalamika rasmi, nimeambatisha namba ya OB, nangoja jibu.

Na lile daftari la Ukhty tumelifanya, mimi na binti yangu. Ada ndogo ndogo za kukopa usiku na kulipa asubuhi, zile ninazozichukulia kama nauli, kwa miezi mitatu zimefika 2,140. Binti alizipiga rangi nyekundu, ukurasa ukajaa. Hatukusema kitu kwa muda. Kisha akasema tangu leo jioni tutafunga hesabu pamoja, na tumefunga siku sita mfululizo.

Sacco wanasema nirudi mwezi ujao na barua ya kumaliza deni.

---

Karani_Mstaafu | Jumatano, saa 3:10 usiku

Nimefurahi mwanangu. Jibu la lile deni la pili likichelewa, andika tena, na weka nakala. Nitakuwa naangalia uzi huu.

---

Tuktuk_Bombolulu | Jumatano, saa 3:32 usiku

Mama, Jumamosi uko kibandani? Mke wangu naye amepata ujumbe wa kusafishiwa jina, wanataka 5,000. Nimemzuia lakini haniamini, anasema mimi sijui mambo ya benki. Nataka akusikie wewe.

---

MamaDera_Tudor | Jumatano, saa 3:36 usiku

Niko. Mlete baada ya saa nne asubuhi, kabla wateja hawajawa wengi. Aje na simu na kitambulisho, tuombe ripoti yake pale pale tukiwa tumekaa. Pesa aiache nyumbani.